Walaghai wa ardhi Kwale hushirikiana, idara za serikali kila moja na lwake

PLOTI moja ya ufuoni Diani hujulikana katika afisi zisizopungua saba za serikali, na pengine hakuna hata moja inayoijua yote.

Msajili wa ardhi mjini Kwale anajua jina lililoandikwa kwenye sajili. Mpima ardhi anajua mawe ya mipaka yalipozikwa. Serikali ya kaunti inajua ni nani hulipa ada za kila mwaka, nayo Mamlaka ya Ushuru, KRA, inajua ni nani amelipia ushuru wa stempu. Idara ya usajili wa watu inaujua uso wa mwenye kitambulisho. Idara ya usajili wa vizazi na vifo inajua kama bado yu hai. Chifu naye anajua anayelala pale usiku.

Ni katika nafasi iliyo kati ya afisi hizo ndiyo wizi wa ardhi hufanyika katika pwani ya kusini ya Kenya, kutoka Tiwi hadi Msambweni na kuteremka mpaka Shimoni na Vanga. Ndiyo sababu kila serikali inayotangaza vita dhidi ya ulaghai huishia kuzungumzia jambo moja: jinsi ya kuzifanya idara zake zenyewe ziketi meza moja.

Mbinu inayotumika inaeleweka vyema ukichukua mfano wa kawaida. Mzee wa Kidigo alisajiliwa kuwa mmiliki wa ekari tano karibu na Ukunda wakati mashamba yalipokuwa yakipimwa na kuamuliwa wenyewe chini ya sheria ya mwaka wa 1968. Akafariki. Wanawe hawakwenda kwa Kadhi wala kwa hakimu kuomba mirathi, kwa sababu ardhi ni ya ukoo na kila mtu anajua minazi ya nani inaishia wapi. Katika sajili ya Kwale, marehemu bado yu hai.

Miaka 20 baadaye hujitokeza mtu mwenye kitambulisho kilicho na jina la marehemu na picha ya mtu mwingine. Huapa kwamba hatimiliki yake imepotea. Msajili hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba hati mpya itatolewa baada ya siku 60 endapo hakutakuwa na pingamizi. Siku 60 hupita, maana ni wachache mno Ukunda wanaolisoma Gazeti Rasmi. Hati mpya hutolewa, shamba huuzwa, ushuru wa stempu hulipwa, na mnunuzi aliyelipa mamilioni ya pesa huja na seng'enge na walinzi. Hapo ndipo familia inapopata habari kwamba baba yao aliuza shamba akiwa kaburini.

Linalouma zaidi katika mfano huu ni kwamba huenda kila afisi ilitimiza wajibu wake kulingana na karatasi iliyoletewa. Msajili aliona kitambulisho na kiapo. Mtoza ushuru aliona mkataba. Afisi iliyokuwa na jibu, yaani ile inayotoa vyeti vya vifo, haikuulizwa swali lolote. Pengine hata yenyewe haikuwa na jibu, kwa kuwa mzee alizikwa siku ile ile kwa mujibu wa dini na kifo chake hakikuandikishwa popote.

Ufuoni kuna namna nyingine ya ulaghai huo huo. Nyumba nyingi za Diani ni za raia wa kigeni, ambao tangu Katiba ya 2010 hawaruhusiwi kumiliki ardhi ila kwa mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99. Mwenyewe anapofia Ulaya, serikali ya Kenya haina habari. Nyumba hukaa imefungwa, mlinzi hukosa mshahara, na baada ya muda hutokea mtu mwenye hati ya uwakili inayodaiwa kutiwa sahihi na marehemu.

Kwamba walaghai walijifunza kushirikiana kabla ya serikali ni jambo lililo katika kumbukumbu rasmi. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoteuliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka wa 2003, ilikabidhi ripoti yake mwaka wa 2004 kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma. Ilikadiriwa kwamba hati zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002.

Ripoti hiyo haikumlaumu mtu mmoja wala afisi moja. Ilionyesha mnyororo mzima: maafisa wa wizara waliotoa barua za ugawaji, mabaraza ya miji yaliyouza viwanja vya umma, wapimaji, wapangaji miji, mawakili walioandika mikataba, na benki zilizokubali hati hizo kuwa dhamana. Kuhusu miradi ya makazi, tume iligundua kwamba maskwota waliokusudiwa waliachwa nje huku ploti zikipewa wanasiasa, watumishi wa serikali na jamaa zao. Wakazi wa Pwani hawakuhitaji kusomewa sehemu hiyo.

Tume ilipendekeza kuundwe jopo maalumu la kuchunguza hatimiliki. Jopo hilo halikuundwa.

Kilichofuata ni msururu wa taasisi. Mamlaka ya kwanza ya kupambana na ufisadi, iliyoanzishwa 1997, ilivunjwa na Mahakama Kuu Desemba 2000 kwa kukiuka katiba ya wakati huo. Tume mpya ilizaliwa 2003, na nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, mwaka wa 2011. Uwezo wa kushtaki ukabaki mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye Katiba inamlinda asiamrishwe na yeyote. Upelelezi wa wizi wa kawaida ni wa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Kufuatilia mali iliyotokana na uhalifu ni kazi ya shirika jingine, na kuchunguza fedha zinazopita benki ni kazi ya kituo kingine tena.

Mpangilio huo una sababu yake. Nchi iliyowahi kuona polisi, mashtaka na mahakama vikiongozwa kwa simu moja kutoka juu ilikuwa na haki ya kuvitenganisha. Lakini gharama yake ni kwamba jalada la ploti moja ya Diani linaweza kuzunguka afisi tano, kila moja ikisubiri nyingine, huku jengo la orofa nne likiendelea kupanda.

Mwaka wa 2015 serikali ya Rais Uhuru Kenyatta iliunda kundi la asasi mbalimbali ili EACC, DCI, afisi ya mashtaka, KRA na wengineo wapeleleze kwa pamoja kesi kubwa za ufisadi. Faida yake ni ya wazi. Mpelelezi wa ardhi akikwama kuthibitisha rushwa, mwenzake wa ushuru anaweza kuuliza muuzaji aliyepata mamilioni ya pesa aliyatangaza wapi, hasa tangu kodi ya faida ya mauzo ya mali ilipopandishwa hadi asilimia 15 Januari 2023. Kasoro yake nayo ni ya wazi: kundi lililoundwa kwa agizo la rais hutegemea sana hamu ya rais, na kesi kubwa za Nairobi huwa na mvuto kuliko ekari tano za Ukunda.

Mgogoro uliowaumiza zaidi wakazi wa Kwale, hata hivyo, ulikuwa baina ya afisi mbili zilizopaswa kuwa ndugu. Katiba ya 2010 iliunda Tume ya Kitaifa ya Ardhi, NLC, isimamie ardhi ya umma kwa niaba ya serikali kuu na zile za kaunti. Wizara ya Ardhi nayo iliendelea kuwepo. Tangu makamishna wa kwanza walipoapishwa mwaka wa 2013, pande hizo mbili zilivutana kuhusu nani ana mamlaka ya kutia sahihi hati, nani awaajiri wasajili na nani ashike funguo za masjala.

Mvutano huo uliangukia mwaka ambao serikali ilitangaza kutoa hatimiliki 60,000 kwa wakazi wa Pwani, ahadi iliyopokelewa kwa vigelegele na, muda si muda, kwa maswali kuhusu uhalali wa utaratibu uliotumika.

Suala hilo lilifika Mahakama ya Juu, iliyotoa ushauri wake Desemba 2015. Majaji walisema uwezo wa kutoa hatimiliki ni wa wizara, na kwamba tume ina jukumu lake la kusimamia ardhi ya umma na kuangalia mambo yanavyokwenda. Walisisitiza pia kwamba taasisi hizo zilibuniwa zikaguane na zishirikiane. Ni nadra mahakama ya juu kabisa nchini kuombwa kuwaeleza watumishi wa umma kwamba wanapaswa kusemezana.

Ukitaka kuona ugumu wa kazi hiyo, shuka ufuoni. Kwa mujibu wa Kifungu cha 62 cha Katiba, ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma na imewekwa chini ya serikali kuu, sawa na barabara za umma. Msimamizi ni NLC. Mipango ya ujenzi na leseni za biashara ni za kaunti. Misitu ya kaya, kama vile Kaya Kinondo iliyo miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2008, iko chini ya ulinzi wa Makumbusho ya Kitaifa.

Kisha kuna madiko ya wavuvi, kama vile Mwaepe na Mvuleni. Idara ya uvuvi inayajua, kwa kuwa ndiko samaki wanakopimwa na ndiko vikundi vya usimamizi wa fuo vilivyoanzishwa chini ya kanuni za 2007 vinakofanyia kazi. Lakini diko kutambuliwa na idara ya uvuvi si sawa na diko kuwa na mipaka katika ramani ya msajili. Diko lisilo na hati ni kiwanja kitupu machoni mwa anayetazama karatasi pekee, hata kama mitumbwi imekuwa ikipandishwa pale tangu enzi za mababu.

Hali ni iyo hiyo kwa vijia vya kwendea baharini. Malalamiko ya wakazi wa Diani kwamba njia fulani ilizibwa kwa ukuta si mapya. Kwa kawaida mlalamikaji huenda kwa chifu, chifu humtuma kaunti, kaunti humwelekeza kwa mpima ardhi, na mpima ardhi husema hawezi kuvunja ukuta.

Kesi iliyobadilisha hesabu ilitokea Nyali, ng'ambo ya pili ya Likoni. Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilibomoa ukuta mwaka wa 2017 ili kufungua njia ya kwenda baharini, na kampuni ya Dina Management iliyokuwa na hatimiliki ikaishtaki. Ilibainika kwamba ardhi hiyo ilikuwa nafasi wazi ya umma, na kwamba mtu wa kwanza kugawiwa alikuwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, mwaka wa 1989.

Mnamo Aprili 21, 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hatimiliki peke yake haitoshi pale chanzo chake kinapopingwa. Mwenyewe lazima aonyeshe jinsi ardhi ilivyotoka mikononi mwa umma hatua kwa hatua. Kampuni haikuweza kujikinga kwa kusema ilinunua kwa nia njema. Miezi michache baadaye, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama iyo hiyo ilisema barua ya ugawaji peke yake haimpi mtu umiliki anaoweza kumuuzia mwingine.

Kwa mnunuzi wa Diani maana yake ni nzito. Upekuzi wa kawaida katika sajili, unaoonyesha jina la mmiliki wa sasa, hautoshi tena. Anahitaji historia nzima ya ploti, na historia hiyo imetawanyika katika afisi zile zile saba.

Serikali inasema dawa ni tarakilishi. Mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Nairobi Aprili 2021, ulikusudiwa kuleta sajili, ramani na malipo mahali pamoja, na kupelekwa katika kaunti nyingine kwa awamu. Kuna la kusifiwa hapa: katika mfumo wa namna hiyo, kila anayefungua jalada huacha nyayo. Katika masjala ya karatasi, kadi ya umiliki inaweza kutoweka Ijumaa na kurudi Jumatatu ikiwa na jina jingine, bila ya kujulikana ilikuwa wapi.

Lakini mashine hupokea inacholishwa. Hati ya uongo ikiingizwa kwenye tarakilishi hutoka ikiwa na sura ya ukweli. Rwanda, iliyosajili vipande zaidi ya milioni 10 vya ardhi katika mpango ulioshika kasi kuanzia 2009, iliwatuma watu mashambani wapime na kuwauliza majirani mbele ya umma kabla ya kuandika jina. Kenya ina karatasi za zaidi ya karne moja, zikiwemo za sheria ya 1908 iliyohusu madai ya ardhi ya Pwani, na karatasi hizo hazina budi kuchambuliwa kabla ya kunakiliwa.

Uingereza ina mpango ambao Kwale ingeweza kujifunza kwao. Tangu 1996 mashirika ya umma huko huleta orodha zao zilinganishwe: majina ya waliofariki huwekwa kando ya majina ya wanaolipwa pensheni, kwa mfano. Panapogongana, afisa hutumwa kuuliza. Kugongana kwa majina huchukuliwa kuwa swali tu, na tahadhari hiyo ingekuwa muhimu zaidi hapa. Kina Hamisi Juma na Mwanaisha Ali ni wengi kutoka Tiwi hadi Lunga Lunga, na sajili nyingi za zamani ziliandikwa jina bila nambari ya kutegemewa. Kulinganisha majina matupu kungemweka mjane asiye na hatia kwenye orodha ya washukiwa.

Wengine hawakuwa hata na nambari hiyo. Wamakonde wa Kwale waliishi nchini kwa miongo mingi bila uraia, hadi walipofunga safari ya kwenda Nairobi Oktoba 2016 kudai vitambulisho na kutambuliwa rasmi mwaka uliofuata. Wapemba walitambuliwa 2023. Mtu asiye na kitambulisho hakuweza kusajili shamba kwa jina lake. Aliyekuwa nalo ilimbidi ategemee maandishi ya nyumbani au jina la rafiki. Idara ya uhamiaji na ile ya ardhi zisipowasiliana, watu hawa hubaki na uraia mpya na shamba lililo katika jina la mtu mwingine.

Kuna pia suala la siri. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka kila afisi iwe na sababu halali ya kumpa mwenzake habari za mtu. Sheria haizuii kupambana na uhalifu, ila maafisa wengi huitumia kama kisingizio cha kutojibu barua. Mkataba wa maandishi baina ya idara, unaotaja habari zipi zitatolewa, na nani, kwa muda gani, ungekiondoa kisingizio hicho.

Hofu nyingine haisemwi hadharani: idara hazishirikiani kwa sababu hazijaaminiana. Mpelelezi anayejua kwamba jalada lilipotea ndani ya masjala hana hamu ya kuiarifu masjala hiyo kwamba anachunguza. Ushirikiano unaomwalika mwizi mezani ni hatari kuliko kutoshirikiana. Palipo na ubia wa kweli, habari hutolewa kwa maafisa wachache waliotajwa kwa majina, na kila anayeitazama huandikwa.

Halafu kuna ubingwa. EACC huhesabu mali iliyorejeshwa, afisi ya mashtaka huhesabu waliotiwa hatiani, na KRA huhesabu ushuru. Njia ya kwenda baharini ikifunguliwa kwa juhudi za kaunti, NLC na mpima ardhi kwa pamoja, ni nani ataiandika katika ripoti yake ya mwaka? Mambo kama haya huonekana madogo kwa aliye nje, lakini ndiyo huamua ni mkutano upi utahudhuriwa na mkuu wa idara na upi atatumwa karani.

Sheria zenyewe hazisaidii kila mara. Chini ya Sheria ya Adhabu, anayeghushi hati ya ardhi anaweza kufungwa maisha. Anayejipatia usajili kwa udanganyifu, kosa ambalo ni rahisi zaidi kulithibitisha, hukabiliwa na kifungo cha mwaka mmoja. Kiongozi wa mashtaka asiyepata ushahidi wa mikono iliyoghushi hubaki na kosa dogo kwa wizi mkubwa.

Wakati huo huo thamani ya ardhi inazidi kupanda. Barabara ya Dongo Kundu sasa inamwezesha dereva kufika kusini bila kupanda feri ya Likoni, na madalali wameshaanza kuuza ploti kwa dakika anazohitaji mtu kutoka uwanja wa ndege wa Mombasa. Februari 2024 Kenya iliwekwa katika orodha ya kimataifa ya nchi zinazochunguzwa kwa udhaifu katika kukabili fedha haramu, na ununuzi wa ardhi na majumba ni mojawapo ya njia zinazojulikana za kuzisafisha fedha hizo.

Kwa familia ambayo haijafanya mirathi, sheria inatoa kinga moja isiyongojea mkutano wa idara yoyote. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, mwenye haki katika shamba anaweza kuwasilisha pingamizi kwa msajili, likaandikwa kwenye sajili, na tangu hapo msajili hawezi kuandikisha mauzo bila kumwarifu kwanza. Anachohitaji ni nambari ya ploti, kiapo kinachoeleza haki yake, nakala ya kitambulisho, ada, na nauli ya kupanda mlima kutoka Ukunda hadi mjini Kwale.